Mchungaji Masanja na Macho ya Bibi

Moshi wa samadi ya ng'ombe hauna haraka. Unaingia kwenye nywele, kwenye blanketi, kwenye michembe ya viazi vikavu inayochemka chunguni, na mwisho unakaa machoni. Kwetu Kishapu kuni zilikuwa zimeadimika kabla sijazaliwa, kwa hiyo bibi yangu, mama yake baba, alipikia samadi kavu maisha yake yote, na uzeeni macho yake yakawa mekundu. Sisi wajukuu hatukuona ajabu yoyote, mpaka kiangazi kile mtoto mchanga wa Baba mdogo Shija alipofariki kwa homa.

Jumapili hii Mchungaji Masanja anasimikwa kuwa msimamizi wa makanisa yetu ya Kimethodisti katika kanda nzima, Shinyanga mpaka Geita, nami nimeombwa nimtambulishe. Wazee wa kanisa wanataka nitaje makanisa aliyoyajenga huko machimboni na visima alivyochimbisha. Nitavitaja. Lakini kila nikikaa kuandika, ninachokiona ni kiangazi kile.

Baada ya maziko, Baba mdogo alikwenda kwa mpiga ramli. Aliporudi alisema neno moja tu, "Kikulacho ki nguoni mwako," na tangu hapo hakumwamkia tena mama yake. Haukupita muda, tukakuta minyaa ya uzio wetu imefyekwa upande wa mlango wa bibi peke yake. Lilikuwa onyo, na kila mtu mzima alijua kinachofuata baada ya onyo kama lile ni panga. Baba alisimama pale, utomvu mweupe ukimdondokea miguuni, asijue amshike nani, mama yake au ndugu yake.

Mchungaji Masanja alikuwa kijana bado, na kanisa lake la udongo lilikuwa na waumini wa kujaza mabenchi machache tu. Alikuja mchana, akawaita wanaume wa kijiji, akasimama mbele yao jasho likimtiririka.

"Macho ya mama huyu yameharibiwa na moshi, si uchawi," alisema. "Nendeni mkawatazame mama zenu."

Walimsikiliza kwa adabu, vichwa chini. Kisha mzee mmoja akasema taratibu, "Mchungaji, maneno yako ni mazuri. Ila wewe jioni utarudi kwako. Sisi ndio tutakaobaki naye."

Jioni hiyo mchungaji akaondoka na bibi mpaka nyumbani kwake. Asubuhi nilimpelekea maziwa, nikamkuta ameketi kizingitini akitazama upande wa boma letu. Waumini wakapungua, maana lisemwalo lipo. Kisha mawe yakaanza kuvurumishwa juu ya bati, watoto wa mchungaji wakawa hawalali. Ndipo alipomwita baba yangu.

"Nimeshindwa, Baba Kabula," alisema. "Tumpeleke kwa binti yake, Kahama."

Bibi alikuwa anasikia. "Hapa nimezaa, hapa nimemzika mume wangu," alisema. "Kahama nina nini?"

"Huna kitu, mama. Nisamehe."

Mchungaji akapiga magoti akalia, na bibi akamwekea mkono kichwani kama anavyoshikwa mtoto mwenye homa. Kesho yake basi likamchukua. Alifia Kahama, akazikwa huko huko. Baba mdogo hakwenda msibani.

Juzi nilikwenda kumuuliza mchungaji nimtambulishe vipi. Nywele zake zimekuwa nyeupe, na nje ya ofisi yake wageni walikuwa wanasubiri kumpongeza. "Sema utakalo," alinijibu, "ila usiseme nilimwokoa bibi yako. Nilimhamisha tu." Siku hizi Kishapu kuna umeme, kuna zahanati inayotoa dawa ya macho, na vijana wana simu zinazowaonyesha dunia nzima. Niliyataja hayo kumfariji. Akatikisa kichwa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kabula, Jumatatu gari lako lina nafasi? Kuna mama mmoja, wanawe wanaogopa kukaa naye. Nataka tumpeleke Kahama, kwa ndugu zake."

Nilimwambia ipo.