Panya wa Mueni

Siku ile siisahau, mwanangu, na nikiikumbuka bado damu inanichemka. Nilikuwa msichana wa mtaa wa Makongeni, nimeajiriwa kutunza panya wa maabara. Kazi yangu ilikuwa kuosha vizimba na kujaza kadi inayoonyesha panya huyu ana kasoro kwenye jeni gani. Kila jeni ina jina lake rasmi, liko kwenye orodha inayotumiwa na maabara zote duniani. Lakini sisi watu wa mtaa unatujua: mtu anabatizwa Joseph, anazikwa akiitwa Kifaru. Tabia hiyo nikaipeleka kazini. Panya wetu walitembea wakiyumba, basi jeni yao nikaiandika "Mlevi". Daktari mkuu wa maabara akacheka, akalipenda, akalitumia hata kwenye ripoti zake. Mtu mzima, na elimu yake yote!

Mueni, binti mpole wa Machakos, alikuwa akisomea shahada yake kwetu. Miaka miwili alizalisha panya wale, akawapima, akawaua mmoja mmoja, na kila mara alikosa hamu ya kula. Siku ya kutetea kazi yake, watahini wakamwambia maabara nyingine ilishaimaliza kazi hiyo hiyo, kwa jina rasmi la jeni ile. Yeye alikuwa ametafuta "Mlevi" kila mahali asipate kitu, akadhani ni wa kwanza. Kazi ikakataliwa. Daktari akasema msichana ni mvivu wa kusoma.

Mzee Wafula, mkuu wetu wa vizimba, akaniita kando.

"Hizi kadi ni nani aliandika?"

"Ni mimi, mzee."

"Na ile orodha nilikupatia?"

"Iko kwa droo."

"Basi usiniangalie mimi. Enda umwambie Mueni, na umwambie mbele ya daktari."

Sikwenda. Niliogopa kufutwa kazi. Mueni akafunga virago, na lawama akaondoka nayo yeye.

Sasa jana ulikaa kwenye kiti changu hapa mtaa wa Fedha, ukinichekea kwamba maabara yenu imeipa jeni jina la utani. Sikucheka, uliona. Mwanangu, fungua orodha kwanza, ndipo uandike kadi. Utani uache kwenye chai. Mkubwa akilipenda jina la utani, mkatalie kwa heshima, lakini mkatalie. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, aliyeumia akiwa bado yupo mlangoni.

Mungu akupe ujasiri ambao woga wangu ulininyima. Na Mueni, popote alipo, ampe mtu wa kumwambia kwamba hakuwa mvivu.