Samansi ya Mjomba

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, niliposimama mahakamani Morogoro mjini nikiwa nimevaa shati la mjomba wangu, na kinywani nimebeba maneno yake.

Nilikuwa kijana niliyefikia umri wa kuoa, ila sijaoa bado. Mjomba Salehe, kaka yake mama, ndiye aliyenilea kule kwetu Matombo baada ya baba kufariki. Akanisomesha udereva, akanikabidhi pikapu yake. Kazi yangu ilikuwa kushusha ndizi na mananasi kwa ile barabara yetu ya mawe mpaka sokoni mjini. Na kwetu Waluguru unajua mjomba ni nani. Akisema kaa, hukai nusu.

Enzi hizo kodi ya barabara ililipwa kila mwaka, kisha unabandika stika kwenye kioo cha mbele. Ninyi hamkuiona hiyo. Siku hizi imechanganywa humo humo kwenye bei ya mafuta, mtu anailipa bila hata kujua. Stika ya pikapu yetu ilikuwa imekwisha muda. Nilimkumbusha mjomba, akasema tungoje mavuno. Mavuno yakapita. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini nani angemwambia mjomba wake hivyo?

Trafiki alinisimamisha nikikaribia mjini. Akatazama kioo, wala hakupandisha sauti. Akaandika samansi: mwenye gari na dereva wafike mahakamani.

Sasa mjomba wakati huo alikuwa anagombea uenyekiti wa kijiji. Aliniita baada ya swala ya alasiri, tukakaa barazani.

“Utakwenda peke yako,” akasema. “Waambie gari ulilichukua bila mimi kujua. Wewe kijana, huna jina la kuharibika.”

“Na wakiniuliza zaidi, mjomba?”

“Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.”

Akaingia ndani, akanitolea shati lake jeupe ili nionekane mtu wa maana. Nikalipokea kwa mikono miwili. Niliona nimeheshimiwa.

Siku ya kwenda, bibi yangu, mama yake mjomba, alisema naye atafuatana nami akamjulie hali dada yake aliyekuwa akikaa Kilakala, huko huko mjini. Habari za samansi alizijua. Za uongo wetu hakuzijua. Tulipofika mahakamani akakaa kwenye benchi la nje, na kikapu chake miguuni.

Nikaitwa. Hakimu alikuwa mama mmoja mpole wa sauti. Shtaka likasomwa, nami nikayatoa maneno ya mjomba kama nilivyoyapokea. Hakimu akaweka kalamu chini.

“Unasema gari ulilichukua bila ridhaa ya mwenyewe?”

“Ndiyo, mheshimiwa.”

“Kijana, stika ni faini. Mtu analipa, anakwenda zake. Hilo ulilolitamka sasa ni kosa jingine, na kosa hilo lina jela. Unanielewa?”

  Akanitazama kidogo, akasema, “Kakae nje ufikiri. Nitakuita tena baada ya kesi hizi.”

Nje nilimkuta bibi anamenya chungwa. Nikamweleza yote, neno kwa neno. Hakuacha kumenya.

“Salehe ndiye aliyekutuma hivyo?”

“Ndiye, bibi. Lakini si ndiye aliyenilea?”

“Amekulea, kweli.” Akanipa kipande cha chungwa, nami sikuweza kukila. “Basi mlimie shamba. Akiugua, muuguze. Siku yake ikifika, mzike. Huo ndio wema unaorudishwa. Uongo ukimpa leo, kesho atakuja kutaka mwingine. Heshima si utumwa, mjukuu wangu.”

Hakusema niingie nikatubu, wala hakusema nisiingie. Aliendelea na chungwa lake.

Nilipoitwa tena nikasema, “Mheshimiwa, yale ya mwanzo si kweli. Gari nilipewa na mwenyewe.”

“Maneno yale yalikuwa yako, au ulipewa?”

“Nilipewa, mheshimiwa.”

“Basi kamrudishie mwenyewe, na umwambie namngoja.” Mimi nikapewa onyo kali, kesi ikaahirishwa mpaka mwenye gari afike.

Kusema kweli mbele ya hakimu kulikuwa kazi. Kumwambia mjomba kulikuwa kazi kubwa zaidi. Alinisikiliza amesimama, mkono kwenye nguzo ya nyumba.

“Umeniuza,” akasema.

Bibi alikuwa nyuma yangu. “Hakukuuza, Salehe. Tafuta shati jingine, hilo limevaliwa. Siku yako ikifika nitakusindikiza mimi mwenyewe.”

Na kweli alimsindikiza, mtu mzima na mama yake. Mjomba akakiri, akapigwa faini, akalipa, wakarudi wote wawili kabla ya jua kuchwa. Watu wa kijijini walicheka kidogo, kisha wakaendelea na mambo yao. Uenyekiti aliukosa. Wapo waliosema ni kwa sababu ya samansi, wapo waliosema ni ule mdomo wake, mimi sikuuliza.

Mimi alininyang’anya ufunguo wa gari, na masika yote yale nikashika jembe bila yeye kunisemesha. Halafu asubuhi moja akaja shambani, akauweka ufunguo juu ya kisiki, akasema, “Stika nimebandika.” Akageuka, akashuka zake. Zaidi ya hapo hakuwahi kuniomba radhi, na mimi nilitosheka.

Basi sikia, mwanangu. Ukiitwa kujibu jambo, hata liwe dogo namna gani, nenda, na uende na maneno yako mwenyewe. Mkubwa akikutuma maji, kachote. Akikutuma kuni, kachanje. Akikutuma uongo, mkatalie kwa adabu, umpigie magoti ukipenda, lakini mkatalie. Atanuna. Mwache anune, njia ya mwongo ni fupi, na huko mwisho wake angekuacha peke yako. Nawe utakapokuwa mkubwa, maana utakuwa, usimtume mdogo wako mahali ambapo wewe mwenyewe unaogopa kwenda.

Mungu akupe ulimi usiotetemeka na wakubwa wasiokuonea. Akuongoze uendako, akurudishe kwa watu wako uso wako ukiwa mweupe. Amina.