Nilimsimulia Neema hadithi kabla ya kumpima kusoma

(Jina la mwalimu aliyetuandikia tunabaki nalo sisi. Jina la mtoto si lake.)

Nina miaka thelathini na minne, nina watoto wawili, nafundisha mwaka wa tatu katika shule moja ya Butihinda, mkoani Muyinga. Nilizaliwa Tanzania, tukarudi Burundi nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nitakayoyaeleza niliyafanya mwenyewe na hakuna aliyenituma. Alhamisi yatajulikana, niseme nisiseme.

Shuleni kwetu, kila muhula unapoanza tunapima watoto kusoma. Mtoto anaitwa peke yake, anapewa ukurasa mmoja wa Kirundi, anasoma dakika moja huku nikihesabu maneno aliyokosea. Kisha namuuliza maswali matano kuhusu alichosoma. Alama naziandika kwenye karatasi tunayoita fishi. Fishi ndiyo inayoamua: mwenye alama za chini anabaki saa moja kila siku baada ya masomo, katika kikundi kidogo, anafundishwa upya. Mwenye alama nzuri anakwenda nyumbani.

Darasani nina watoto kumi na mmoja ambao familia zao zimerudi kutoka Tanzania mwaka jana. Nyumbani wanaongea Kiswahili. Siku ya kupima nilipowaona wamekaa benchi moja peke yao, nilijikumbuka. Mimi niliporudi, walinipima kwa Kirundi, wakanishusha nikakae na watoto wa miaka saba. Nilikuwa mrefu kuliko mwalimu. Waliniita Twiga mpaka nilipomaliza shule ya msingi.

Basi kila mmoja wa wale kumi na mmoja alipoingia, nilimsimulia kwanza hadithi yote kwa Kiswahili: panya waliingia ghalani, wakala maharage ya bibi, bibi akaleta paka. Halafu ndipo nikampa karatasi. Maswali pia niliuliza kwa Kiswahili. Walisoma bila kusita, kwa sababu herufi wanazijua tangu Tanzania, na walijibu yote. Fishi ikatoka safi. Wote kumi na mmoja wakaandikwa wasomaji, hakuna aliyebaki na kikundi.

Direkta wetu, yaani mwalimu mkuu, ni mzaliwa wa Gashoho, mtu wa bidii. Alifurahi mno. "Mwalimu, weye umetuokoa," aliniambia. "Bon, iyo fishi iko inaongelewa mpaka komini, kwa wakubwa wetu." Wiki mbili baadaye akaleta barua: tumeitwa Gitega, mbele ya walimu wanaotoka sehemu mbalimbali, nieleze jinsi nilivyowainua watoto waliorudi. Nije na mtoto mmoja asome mbele yao. Direkta alimchagua Neema, mwenye miaka tisa, kwa sababu sauti yake inasikika.

Nilianza kumwandaa. Nikampa ukurasa mwingine, na safari hii sikumsimulia kitu. Alisoma vizuri kabisa. Nikamuuliza kwa Kirundi nani alivunja mtungi. Hakuelewa swali. Nikamuuliza kwa Kiswahili.

"Imbeba," akajibu. Panya. Neno lilikuwa pale pale kwenye karatasi.

"Imbeba ni nani?"

"Ni jirani yao, mwalimu."

Niliwaita wale kumi waliobaki, mmoja mmoja, siku tatu mfululizo. Wawili tu ndio walioelewa walichosoma. Wengine wanatamka tu. Hesabu za maneno hawawezi, masomo mengine wananakili ubaoni bila kujua wanaandika nini, na mimi nilikuwa nasema ni wavivu. Muda huo wote, saa ile moja ya kila siku ilikuwa haki yao, na niliyewanyima ni mimi.

Nilikwenda kwa direkta na karatasi mbili, ya zamani na mpya. Alizisoma, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi acha ivyo. Ukifuta iyo fishi leo, watasema fishi zote za masomo yetu ni bongo, uongo mtupu. Zile za kweli pia. Unanisikia? Na ile saa ya kikundi watatunyima, walimu wote wataumia."

"Na hawa watoto?"

"Tutawarudisha kwa kikundi pole pole, bila kuandika. Weye peleka Neema, asome ule ukurasa anaujua. C'est tout, basi."

Lakini barua inasema ukurasa utachaguliwa hukohuko Gitega, na maswali atauliza mwalimu mwingine. Direkta anajua hivyo. Anasema tuombe Mungu.

Juzi mama yake Neema alinifuata shambani kwangu. Mumewe alibaki Tanzania, yeye analima peke yake. "Mwalimu, sare nimeishona upya kola," alisema. "Wale waliokuwa wanamwita mwanangu Mtanzania, tangu wasikie Gitega wamefunga mdomo. Mmoja kanisalimia kanisani, fikiria!" Alicheka. Nilimwambia sare inatosha, asihangaike.

Nikisema ukweli leo, naweza kupoteza kazi, na mama yule atarudi kuchekwa. Nikinyamaza, Alhamisi mtoto wa miaka tisa atasimama mbele ya ukumbi mzima na kuulizwa jambo asilolielewa, na lawama itamwangukia yeye.

Jana baada ya masomo Neema alibaki nyuma, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, huko Gitega utanisimulia kwanza, kama siku ile?"

Ninyi walimu, na ninyi mliorudi kama sisi, nipeni ushauri kabla ya Alhamisi: nianze kumwambia nani, na mtoto huyu nimjibu nini?