Tulivyoimba Bila Kibali

Mimi si mtu wa kushtushwa na jambo. Darasani nilikaa miezi mitatu tu, lakini toka Kishapu hadi Geita nani hakunijua? Nilikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma, na niliyapata yote kwa koo langu.

Siku yangu ya kwanza kazini, karani wa boma la Shinyanga alinisimamisha mbele ya meza yake. Zamani hizo za mkoloni ngoma haikuchezwa bila kibali, karatasi ya kutaja siku, mahali na maneno ya nyimbo.

"Imba," akasema.

"Peke yangu? Bila ngoma?"

"Unataka nikupigie mimi?"

Nikaimba. Kila neno lililomgusa mkubwa akalikata kwa wino mwekundu.

Baadaye nikahamia machimbo ya dhahabu, Geita. Kambini kwetu nyapara aliwapimia wachimbaji unga wa posho kwa debe lililogongwa kitako kikaingia ndani. Watu wanashinda shimoni na njaa! Nikatunga wimbo wa debe. Karani wa huko akaukata wote, hata kiitikio. Bwana Shauri, mzungu wa boma, akaniambia, "Manju, ukiucheza huu, nakufunga."

Nikawaza: sheria imekataza ngoma, kulima haikukataza. Na sisi Wasukuma tunalima kwa kuimba, majembe yakirushwa juu kwa pamoja. Jumatatu asubuhi nikawapanga wachimbaji arobaini kwenye magugu mbele ya boma, tukalima huku tukiimba wimbo wetu wa debe.

Bwana Shauri akatoka mbio. "Kibali kiko wapi?"

"Cha nini, Bwana Mkubwa? Hapa hakuna ngoma. Tunalima."

Mzee mmoja nyuma yangu akadakia, "Tukipewa debe zima, Bwana, tutalima mpaka Mwanza!"

Nikanyoosha mikono nifungwe pingu. Mzungu akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akaagiza debe la nyapara na debe zima la dukani. Unga wa debe zima ukamiminwa katika lile la nyapara, ukafurika, ukamjaa nyapara viatuni. Mchana huohuo kambi ikapata debe jipya.

Sasa nimestaafu, goti limekataa. Ninyi vijana mkiimba mnalotaka, imbeni kwa nguvu. Sisi kila neno tulilitafutia mlango. Wala sisemi sheria haikunipata. Kwa furaha ile tulipitiliza magugu tukalima na maua ya mke wa Bwana Shauri, nikatozwa faini ya shilingi nne na senti thelathini.