Kioo cha Muuza Samaki wa Mapambo

Jirani yetu muuza samaki wa mapambo humchungulia samaki mgonjwa aliyeletwa na mteja kutoka juu kwanza, pumzi kaibana, aone kama magamba yamesimama. Kisha humulika mdomo kwa tochi. “Utando huu si ukungu, mama, ni bakteria. Mtenge! Kwangu hakuna kubembelezana.” Wateja huondoka wamenywea, utadhani wao ndio wagonjwa. Juzi samaki wake mzee, yule wa mistari asiyeuzwa, alianza kuoza mapezi. Akamtenga kwenye tangi dogo peke yake. Sheria ni sheria. Leo nimemkuta kidevu kimejaa mikato ya wembe. “Kaka, umenyolewa na paka?” Akageukia tangi dogo. Kioo chake cha kunyolea kilikuwa kimeegemezwa kwenye lile tangi, na mgonjwa akiogelea bega kwa bega na mwenzake wa ndani ya kioo.