Fundi Aliyeshindwa Kujipima

Josepha Bundala wa Kigwa alikuwa na jicho la kupima. Mteja akiingia tu kwenye kibanda cha ushonaji cha kijiji, kabla shikamoo haijaitikiwa, Josepha alishajua kifua inchi ngapi na kiuno inchi ngapi. Futi ya kupimia aliishika kwa adabu tu. Akina mama waliohamia kijijini mwaka ule wa sabini na nne, takriban wote walipitia kwenye cherehani yake.

Mwili mmoja ndio uliomshinda, nao ni wake.

Utotoni alikuwa kibonge, na shangazi aliyemlea alimwita Gunia mbele za wageni. Hata alipokua, akaugua homa ya matumbo na kurudi toka hospitali Tabora mifupa mitupu, jina lile halikumwacha. Mlangoni alipita kiubavu. Kwenye benchi alijibanza ukingoni ili wenzake wapate pa kukaa. Magauni aliyojishonea yalimpwaya hata wageni wakadhani ameyarithi.

Ikaja zamu ya kushona sare za akina mama kwa ajili ya Sabasaba. Kitambaa kilikuwa jora moja, na wanawake ishirini. Josepha alikuwa ameshatandika kipande chake mezani, mkasi mkononi, Maua aliyekuwa akijifunza kazi kwake alipomzuia.

"Dada, hili gauni la nani?"

"Langu."

"Hapa tunaingia wewe na mimi, na mtoto mgongoni."

Josepha alinuna, akaona anadhihakiwa. Maua hakubishana. Alimpa kidonge cha uzi. "Kata uzi wa kuzunguka kiuno chako. Kwa jicho, kama unavyowakadiria wateja."

Josepha alikata bila kusita. Maua akauzungusha, ncha zikapitana, na uzi uliobaki ukaning'inia mpaka magotini.

"Umeuvuta," Josepha alisema.

"Basi kata mwingine."

Wa pili ukazidi wa kwanza.

"Sasa nikatie mimi."

Uzi wa Maua ulikutana ncha kwa ncha.

Josepha aliketi. Hakucheka wala hakulia. Alifikiri kwamba jicho lake halikuwa bovu, maana nguo za watu zilikaa vizuri miaka yote. Akimtazama Maua, alimwona Maua. Akijitazama mwenyewe, alikuwa akimsikiliza shangazi.

"Nipime wewe," alisema hatimaye. "Mimi nitakata unavyonitajia."

Akakata namba zile kama za mtu asiyemjua.

Siku ya Sabasaba gauni lilimkaa sawasawa, naye akajihisi kama katoka nje nusu uchi. Kwenye kioo cha dirisha la zahanati alimwona bado yule mnene, safari hii amejibana. Nusura arudi nyumbani akajitande khanga juu yake. Lakini mstari ulikuwa umeshaanza kupangwa, na Maua alikuwa akimpungia mkono. Akaenda, akasimama bega kwa bega na wenzake.

Haikuisha siku ile. Kila nguo mpya ilikuwa ugomvi, namba zikisema hivi na macho vile, na siku nyingine macho yalishinda. Maua alipoolewa Urambo, watu wa stesheni ya Kigwa walizoea kumwona Josepha, fundi mashuhuri, akipanda treni na kitambaa kimekunjwa mapajani.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa fundi wangu," alijibu.