Kitambaa Chekundu Kwenye Karagachi

Saa moja asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya Aprili, Omirzak alisimama chini ya mti wa karagachi akitafuta tawi la kufungia kitambaa chake chekundu, akalikosa. Kila tawi lililofikiwa na mkono wa mtu lilikuwa limeshafungwa vitambaa: vyeupe, vya kijani, vya njano, vipande vya fulana, hata kamba ya kiatu. Na vyekundu vilikuwa saba. Mwishowe alikibana chake katikati ya wenzake, akarudi nyuma hatua kumi kukitazama, na hakukiona.

Alijua wa kulaumiwa ni nani. Waliokifunga cha pili ni watu wa baiskeli. Aliyekiacha cha kwanza kikae pale bila maelezo ni yeye.

Zamani hapakuwa na haja ya maelezo. Pande hizi za chini ya milima, kabla Almaty haijazimeza, zilikuwa bustani za matufaha tupu, na baba yake Omirzak alikuwa mirabu, mgawa maji wa mfereji mzima. Siku ya kufungua lango la juu, mirabu alipanda farasi akayatangulia maji, akipiga ukelele bondeni kote, na alipofika hapa kwenye kivuko alifunga kitambaa chekundu kwenye karagachi. Maana yake hata mtoto wa miaka mitatu aliijua: maji yanakuja, usivuke. Mwaka mmoja mwanamke mgeni alikifungua akajifunga kichwani kwa sababu ya jua. Aliyemfuata nyuma kwa gari la punda alikutwa jioni, yeye na punda, kwenye matete ya bondeni. Omirzak alikuwa na miaka minane, na ndiye aliyemshikia baba yake taa wakati maiti inafunikwa.

Baadaye bustani zilikatwa, yakaja majumba yenye kuta ndefu. Mfereji ukapigwa sakafu ya zege. Kando yake wakajenga njia ya baiskeli, kilomita kumi na moja za lami laini zisizokanyagwa na gari, zikipita katika bustani za kupumzikia hadi miguuni mwa milima. Pale kwenye kivuko barabara kuu ilipita juu, nayo njia ya baiskeli wakaipitisha chini yake kwenye handaki. Ni pale pale maji ya ziada yalipomwagikia tangu enzi. Omirzak aliwaambia wajenzi hivyo. Walimwitikia kwa adabu, wakaendelea kumwaga zege. Omirzak alikuwa ameurithi umirabu wa baba yake, lakini mirabu hakuhitajika tena, lango lilifunguliwa kwa kitufe. Yeye wakampa ufagio na baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku mbele, afagie majani. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Aliipokea kazi, na kila lango lilipofunguliwa aliendelea kufunga kitambaa chake. Wapita njia hawakuuliza, naye hakusema. Mtu asiyejua ardhi anayoikanyaga, alijiambia, si kazi yangu kumfundisha.

Basi watu wa baiskeli wakaona kitambaa kwenye mti mkongwe karibu na maji, wakafanya kile ambacho watu wa kwetu wamefanya siku zote mbele ya mti wa namna hiyo. Walifunga vyao, wakaomba. Na kitambaa cha ombi hakifunguliwi na mtu mwingine, kwani akifunguaye hujitwika balaa la aliyekifunga. Omirzak alisoma vitabu vingi peke yake, lakini hilo aliliogopa. Majira yote ya baridi aliupita mti ule mikono mfukoni.

Mjukuu wake Karligash naye alikuwa na kimoja, cha buluu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anaendesha baiskeli ya mbio yenye tairi nyembamba kama utumbo wa kondoo, na mwezi wa Mei wangechaguliwa vijana wa kuingia timu ya mkoa. "Nimeomba, Babu," alimwambia. "Usinicheke." Hakumcheka. Wala hakumwambia maana ya kile chekundu. Siku hiyo kikundi chao kingepanda kutoka mjini, na kwenye handaki wangefika saa tatu kasoro robo.

Halikuwa jambo la kumtia wasiwasi, kwa sababu ofisi ya maji ilimwambia lango lingefunguliwa saa sita. Kitambaa alikifunga mapema kwa kujihami tu. Akapanda kilomita tatu juu ya handaki, kwenye wavu wa chuma unaozuia taka, akaanza kutoa matawi na chupa. Saa mbili na nusu simu ililia. Ni Yerkin wa langoni.

"Mzee Omirzak, habari za asubuhi. Tumeshafungua."

"Mlisema saa sita."

"Joto limezidi, theluji inayeyuka vibaya, bwawa limefika ukingoni. Mkubwa kasema tusingoje."

"Mmefungua lini?"

"Kama dakika kumi hivi. Labda kumi na tano."

"Kumi, au kumi na tano?"

"Mzee, mimi nabonyeza kitufe tu."

Omirzak alimpigia Karligash. Simu iliita mpaka ikakata. Alijua ilipo, kwenye mfuko wa mgongoni, pamoja na jibini kavu alilompa jana. Akapiga tena. Hata hivyo hakubabaika bado, kwa sababu alikuwa akihesabu kwa hesabu ya baba yake. Kutoka langoni hadi kivukoni, maji yalitembea muda mrefu, wa kuchemsha samovari mbili za chai.

Ndipo alipoyasikia. Yalitokea kwenye kona, ya kahawia, yamebeba majani na povu, yakapita kando yake kwa mwendo ambao hajawahi kuuona. Maji ya baba yake yalipita kwenye udongo na nyasi. Haya yaliteleza juu ya zege.

Aliutupa ufagio sandukuni akapanda.

Ile baiskeli aliichukia tangu siku ya kwanza. Vijana walimtania nayo: kiongozi wa kikundi, Sanzhar, hakupita bila kumuuliza kama farasi wake amekula. Sasa aliikanyaga kwa uzito wake wote, mnyororo ukilia, sanduku likirukaruka. Ulimi wa maji ulikuwa mbele yake kwa hatua ishirini. Penye mteremko aliukaribia, penye tambarare ukamwacha. Alipita bustani ya kwanza, akinamama wanasukuma vigari vya watoto, akapiga ukelele wa mirabu, ule mrefu wa kooni. Walicheka, mmoja akamrekodi kwa simu. Kwenye bustani ya pili njia ilikata moja kwa moja wakati mfereji ukizunguka kilima, na hapo ndipo alipoyapita maji. Kifua kilikuwa kinamuunguza. Miguu hakuisikia tena.

Aliingia handakini kwa kasi. Chini kabisa, penye giza, lami ilikuwa bado kavu. Alipoanza kupanda upande wa pili alisikia nyuma yake mngurumo, maji yakilikuta bomba la chini ya barabara kuu na kulikuta jembamba.

Akatokea juani, karibu na karagachi. Nao walikuwa wanakuja. Watu kumi na sita kwa mstari, vichwa vimeinama, wa tatu akiwa na kofia ya buluu.

"Maji!" alipiga kelele. "Maji yanakuja!"

Sanzhar aliyekuwa mbele akanyanyua vidole viwili kwenye usukani. "Tumekuona, Babu! Shika kulia kwako!"

Mti mzima ulipepea vitambaa, wala hakuna aliyeutazama. Zilibaki kama hatua hamsini. Omirzak alijua baiskeli zile zikiwa kwenye mwendo ule haziwezi kusimama kwa usalama. Alijua pia nani alikuwa wa tatu. Akaisukuma baiskeli yake ikaanguka kwa ubavu katikati ya njia, na yeye mwenyewe akasimama mbele yake, mikono ameitandaza.

Breki zikalia. Sanzhar akaanguka, wa pili akamkwepa akaingia majanini, Karligash akamgonga Sanzhar, akarushwa na kuangukia bega. Walio nyuma walirundikana.

"Umechanganyikiwa, mzee?" Sanzhar alisema, goti likitoka damu. "Ungetuua!"

Omirzak alinyoosha kidole nyuma yake. Handaki lilimjibia. Maji yalijaa ndani yake hadi kimo cha kifua cha mtu, gogo likigonga kuta huku na huku.

Karligash alikuwa amekaa chini, mkono mmoja ameukumbatia, mfupa wa bega umevunjika. Mei ilikuwa imeshapita kwake, naye alijua. Aliutazama mti, kisha babu yake.

"Kimoja kati ya vile vyekundu ni chako?"

"Changu. Na cha baba yangu."

"Kina maana gani?"

Akamwambia.

"Mbona hukusema siku zote hizo?"

"Hamkuuliza."

"Tungejua vipi cha kuuliza, Babu?"



Siku ya tatu alikwenda na gunia. Alifungua vitambaa vya watu kimoja kimoja, kwa bismillahi, akavihamishia kwenye karagachi mwingine juu ya kilima, mahali ambapo maji hayafiki. Balaa kama ni la kumpata, na limpate. Cha buluu Karligash alikifungua mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akakitia mfukoni.

Ijumaa asubuhi, kando ya kile chekundu kilichobaki palikuwa na kingine, cheupe, kipya kabisa.

Omirzak alikitazama kwa muda mrefu. Hakukigusa. Aliulaza ufagio, akaketi kwenye jiwe kando ya njia, akangoja. Wa kwanza kutokea alikuwa mama mnene mwenye kofia ya njano, anapanda taratibu. Omirzak akanyanyua mkono.

"Simama kidogo, binti yangu," alisema. "Kuna habari ya mti huu."